Biashara Ina Watu Ndani Yake

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kuandika daftari la mapato na matumizi. Leo tunaendelea na biashara, ila hatutaanza na hesabu. Tutaanza na watu.

Huku vijijini tunasikia maneno kama haya: "Kampuni imetupunja." "Soko limetuangusha." "Bei imekataa." Sisi wenyewe tunayasema. Lakini hebu tuyatazame vizuri. Kampuni haina mkono. Soko halina mdomo. Bei haiwezi kukubali wala kukataa. Ni watu wanaopima, wanaoandika, wanaoagiza na wanaolipa. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini biashara hii inatenda haki na ile inaonea, lazima awajue watu waliomo ndani yake. Wanatafuta nini? Wanamwogopa nani? Nani anawatazama?

Hilo ndilo somo letu. Mifano tutaitoa hapa hapa wilayani Kilosa: vitunguu vya Malolo, barabara ya Mikumi, mkonge wa Kimamba na miwa ya Ruhembe.

1. KIJANA MWENYE ADABU

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Darasa letu moja la watu wazima lililima shamba la pamoja la vitunguu huko Malolo. Tulitaka fedha za kununulia madaftari, chaki na taa. Wanakisomo walikuwa kumi na wanane, na wote walikwisha kufaulu kusoma, kuandika na kuhesabu. Mazao yakatoka vizuri. Akaja mnunuzi, kijana wa mjini, na lori la kukodi.

"Shikamoo mama," alimwamkia mwenyekiti wa darasa.

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Ahsante mama yangu. Vitunguu vyenu vizuri, nachukua vyote. Ila gunia tutalitia kichwa kidogo, kama ilivyo desturi."

"Kichwa cha nini tena, mwanangu? Si gunia limeshajaa?"

"Ndiyo biashara ilivyo, mama. Nisipopewa hapa, nitapewa ng'ambo ya mfereji."

Tukatazamana. Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na mashamba mengine, vitunguu vimeshang'olewa, vinangoja mnunuzi. Na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Basi tukakubali. Kila gunia likajazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezwa juu, likashonwa kwa kamba mpaka likawa kama mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa, wala hatuna haja ya kuieleza zaidi kwa mkulima wa Kilosa.

Kijana yule hakututukana. Alituita mama na baba. Alisaidia kupakia. Kabla ya kuondoka alikunywa chai pamoja nasi. Hakuwa mtu mbaya. Sasa, kwa nini alitupunja?

Tulipomwuliza, alitueleza bila kuficha. Mali si yake. Ametumwa na tajiri aliye mjini. Tajiri humlipa kwa gunia, siyo kwa kilo. Lori limekodiwa kwa gunia. Wapakiaji wanalipwa kwa gunia. Lakini mzigo ukifika sokoni, gunia linafunguliwa na vitunguu vinauzwa kwa kilo. Kwa hiyo kila kilo iliyowekwa juu ya gunia imesafiri bure, na mkulima hakulipwa. Kijana akirudi na magunia yasiyo na kichwa, msimu ujao tajiri atamtuma mwingine.

Hapo tukaanza kuelewa. Lumbesa haikutoka katika roho ya kijana yule peke yake. Ilitoka katika mpango mzima. Tajiri alipanga malipo, kijana akayafuata, jirani wa ng'ambo ya mfereji akaogopa kukosa mnunuzi, na sisi tukaogopa mvua. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Aliyelipa gharama ni mkulima.

Hebu tupige hesabu. Tuseme gunia la kilo 100 linauzwa Sh. 80,000/=. Tuseme kichwa cha lumbesa ni kilo 30. Ukiuza magunia 10 umetoa bure kilo 300. Hizo ni magunia matatu. Magunia matatu mara Sh. 80,000/= ni Sh. 240,000/=. Bei hizi tumeziweka kwa ajili ya hesabu tu. Msomaji aweke bei ya kwao na afanye upya.

Sheria inasemaje? Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imeweka kwamba mazao ya shamba yafungwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Usimamizi wake upo kwa Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Basi lumbesa ni kosa. Lakini siku ile, penye matuta ya vitunguu, sisi tuliokuwa tunaijua sheria tulinyamaza. Jambo hili lilituuma. Tulirudi darasani tukajiuliza: kama kusoma tunajua, na sheria ipo, kitu gani kilipungua?

Katika kutafuta jibu tulipata maswali matatu ya kuuliza mbele ya biashara yoyote, kubwa au ndogo. Tutayaeleza moja moja.

2. SWALI LA KWANZA: JE, TUTAKUTANA TENA?

Nenda Mikumi, kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya. Mabasi yanasimama, abiria wanashuka kununua chakula na matunda. Dakika chache, basi limeondoka. Muuzaji hajui jina la abiria, na abiria hajui jina la muuzaji. Pengine hawataonana tena mpaka kufa kwao. Sasa mtu akitaka kuuza chungwa bovu, atamwuzia nani? Atamwuzia huyo ambaye hatarudi kesho kulalamika.

Sasa mtazame mwenye duka kijijini. Huyo anamjua mteja wake, mama wa mteja, na shamba la mteja. Leo mteja hana fedha, anaandikwa katika daftari la mkopo, atalipa akivuna. Mwenye duka naye amechukua bidhaa kwa mwenye duka kubwa Kilosa mjini kwa mali kauli, yaani amepewa mali kwa neno la mdomo tu, alipe baada ya kuuza. Hakuna hakimu hapo wala askari. Kinachowashika wote ni kwamba wataonana kesho, na keshokutwa, msikitini, kanisani na msibani. Akimpunja mmoja, habari itafika kwa wote kabla jua halijazama.

Hatusemi kwamba watu wa barabarani ni wabaya na wa kijijini ni wema. Huenda ni mtu yule yule. Asubuhi yupo barabarani Mikumi anauza kwa abiria, jioni yupo kwao anamuuzia jirani. Tabia yake inabadilika kwa sababu mahali pamebadilika. Wapo pia wauzaji wa barabarani walio waaminifu sana, na ukichunguza utakuta wengi wana madereva na makondakta wanaowajua kwa majina, ambao hurudi kila wiki na kuwaletea abiria.

Na kijijini nako kuna hatari yake. Penye duka moja tu, mteja hana pa kwenda. Mwenye duka anaweza kupandisha bei au kubonyeza kitako cha debe kwa ndani ili libebe kidogo, na watu wakanyamaza kwa sababu majina yao yamo katika daftari la mkopo. Kujuana ni kuzuri, lakini mwenye deni hana sauti.

Kwa hiyo, mnunuzi mgeni anapokuja, tujitahidi kumfanya awe mtu wa kurudi. Tujue jina lake, anatoka soko gani, ametumwa na nani. Tuandike. Mtu aliyeandikwa jina lake hatendi sawa na mtu asiyejulikana.

3. SWALI LA PILI: ANALIPWA KWA KITU GANI?

Wazee wetu wa Kimamba na Rudewa wanaikumbuka vizuri enzi ya mkonge. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mkonge duniani, na mwaka 1964 ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kazi ilikuwa ngumu, na makampuni yalileta vibarua kutoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuajiri, lililojulikana kwa jina la SILABU. Kila kibarua alipewa namba. Ndipo watu wakaitwa manamba. Mtu aliondoka kwao na jina la babu yake, akafika shambani akawa namba.

Malipo yalikwenda kwa kipande. Kipande kilikuwa karatasi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku mtu alipangiwa kiasi cha kukata. Akimaliza, anatiwa alama. Asipomaliza, siku ile haikuhesabiwa, hata kama alishinda juani. Mshahara ulipatikana baada ya kipande kujaa.

Sasa tuulize: mnyapara alitakiwa nini na wakubwa wake? Alitakiwa mizigo ya majani ya mkonge. Hakuulizwa kama watu wamekula, kama wameheshimiwa, au kama wataipenda kazi. Basi na yeye hakuuliza. Mtu hutazama kile anachopimwa nacho. Hii ni kanuni kubwa, tuishike.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Mwenye mali akabadilika. Je, tabia kazini ilibadilika? Siyo pote. Ndiyo maana mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao uliwakataza viongozi kuwa na kiburi, dharau na ubabe. Baada ya hapo wafanyakazi wa viwanda vingi waligoma, na malalamiko mengi hayakuwa juu ya mshahara tu. Yalikuwa juu ya wakubwa wanaotukana watu. Hapa tunajifunza kwamba kubadilisha mwenye mali ni jambo moja, na kubadilisha namna watu wanavyotendeana ni jambo jingine.

Hata Marekani, nchi ya makampuni makubwa, jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1960 Douglas McGregor, mwalimu wa chuo kikuu, alitoa kitabu juu ya upande wa utu katika kazi. Alieleza kwamba wapo wakubwa wanaoamini mtu kwa asili hapendi kazi, hivyo lazima asukumwe na kutishwa. Wapo wengine wanaoamini kwamba mtu huweza kupenda kazi na kubeba madaraka kama anaaminiwa na anajua shabaha ya kazi yenyewe. Akaonya kwamba imani ya mkubwa huzaa tabia ya mfanyakazi. Ukimtendea mtu kama mvivu kila siku, mwisho atafanya kazi kivivu, nawe utasema, "Si niliwaambia?"

Na sisi wakulima tusijitoe hapo. Tunapoajiri vibarua wa palizi tunawalipa kwa nini? Ukimlipa kwa ngwe, atakimbiza ngwe na majani yatabaki. Ukimlipa kwa siku bila kumweleza unachotaka, atamaliza siku. Na ukimcheleweshea malipo yake, je, una tofauti gani na mnyapara wa mkonge?

Kwa walioajiriwa tunaongeza jambo moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Na kama mfanyakazi hayaelewi maandishi hayo, mwajiri anapaswa kuhakikisha anaelezwa kwa njia atakayoielewa. Wewe mhitimu wa kisomo una nafasi nzuri zaidi. Karatasi ile unaweza kuisoma mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

4. SWALI LA TATU: NANI ANAONA KIPIMO?

Sasa twende upande wa miwa, kusini ya Mikumi. Viwanda viwili vya Kampuni ya Sukari Kilombero vinatenganishwa na mto Ruaha Mkuu. Kimoja kipo Msolwa, upande wa Kilombero. Kingine kipo Ruhembe, upande wetu wa Kilosa. Kazi ya kusaga miwa huko ilianza mwaka 1962, na kiwanda cha Ruhembe kikaongezwa katika miaka ya 1970. Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa mali ya umma. Mwaka 1998 iliuzwa kwa wawekezaji, mkubwa wao akiwa Illovo ya Afrika Kusini, na Serikali ikabaki na asilimia 25. Mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa kupanua kiwanda ili uzalishaji wa sukari uongezeke kutoka tani 127,000 hadi tani 271,000 kwa mwaka. Sukari ikiongezeka, na miwa ya wakulima wadogo inahitajika zaidi. Kwa hiyo somo hili linahusu maelfu ya watu.

Muwa si kama kitunguu. Kitunguu unaweza kukiweka ghalani ukingoje bei. Muwa ukishachomwa na kukatwa, utamu wake huanza kupungua siku hadi siku. Na huwezi kuupeleka sokoni Morogoro. Mnunuzi ni kiwanda. Kiwanda nacho hakiwezi kukaa bila miwa, maana mitambo ikisimama ni hasara. Hawa wawili wamefungwa pamoja kama ng'ombe wa jembe. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, na kila mmoja ana wasiwasi na mwenzake.

Mahali penye viwanda vya sukari, ubishi wa mkulima na kiwanda mara nyingi huwa juu ya mambo matatu: uzito, utamu na zamu.

Uzito hupimwa kwenye mzani, lori likiwa na miwa na lori likiwa tupu. Huo mtu anaweza kuuona kwa macho.

Utamu ni kiasi cha sukari kilichomo ndani ya muwa, kinaitwa sukrozi. Huo hauonekani. Unapimwa maabara, kwa vyombo, na watu waliosomea. Mkulima anapokea tarakimu tu. Tuseme, kwa ajili ya hesabu, kila asilimia moja ya sukrozi inalipwa Sh. 10,000/= kwa tani. Miwa yenye sukrozi asilimia 10 italipwa Sh. 100,000/= kwa tani. Yenye asilimia 9 italipwa Sh. 90,000/=. Kwa tani 40, tofauti ya asilimia hiyo moja ni Sh. 400,000/=. Fedha nyingi, na zote zimo katika tarakimu ambayo mkulima hakuiona ikipatikana.

Zamu ni nani avune lini. Kwa kuwa utamu unapungua, siku mbili au tatu za kungoja zina thamani. Na popote duniani penye foleni ndefu na mtu mmoja mwenye kalamu, kishawishi cha "chai" hakikosi kuingia.

Angalieni vizuri. Inawezekana mpimaji wa maabara ni mtu mwaminifu kabisa. Inawezekana tarakimu yake ni sahihi. Lakini mkulima asipoiona njia ya kuipata, hataamini. Asipoamini, atasema amepunjwa hata pale ambapo hakupunjwa. Naye mwaminifu atachoka kuitwa mwizi. Kipimo cha siri humharibia jina hata mtu mwema. Kwa hiyo kufungua kipimo ni faida ya pande zote mbili.

Kufungua kipimo maana yake nini? Ni wakulima kuwa na mwakilishi wao mwenye ujuzi anayeshuhudia mzani na maabara. Ni kila mkulima kupewa karatasi inayoonyesha tani, sukrozi, bei, na kila makato kwa jina lake: kukata, kupakia, kusafirisha, pembejeo, ada ya chama. Ni kuisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari, siyo kutazama jumla ya chini tu. Usipoelewa, uliza katika chama chako kwanza. Nchini ipo pia Bodi ya Sukari, iliyowekwa na Sheria ya Sukari ya mwaka 2001, kusimamia mambo ya sukari.

5. WATU 28 WA ROCHDALE

Pengine msomaji anasema, "Haya yote ni maneno mazuri, lakini sisi ni wadogo." Basi tusikilize habari ya watu waliokuwa wadogo kama sisi.

Uingereza, karibu na mji wa Manchester, kuna mji unaoitwa Rochdale. Miaka ya 1840 watu wa huko walifanya kazi katika viwanda vya nguo kwa mishahara midogo. Madukani hali ilikuwa mbaya. Unga ulichanganywa na vitu visivyo unga. Mizani ilipunja. Wengi walikuwa na madeni dukani, kwa hiyo hawakuthubutu kusema. Hali hiyo msomaji ameshaijua.

Mwaka 1844 watu 28, wengine wao wafumaji, waliweka akiba kidogo kidogo, wakafungua duka lao wenyewe tarehe 21 Desemba. Bidhaa zilikuwa chache mno: unga, siagi, sukari na kadhalika. Lakini waliweka masharti. Bidhaa safi. Uzito kamili. Hakuna kukopa. Kila mwanachama kura moja, tajiri au maskini. Faida igawanywe kwa kadiri mtu alivyonunua. Baadaye wakatenga asilimia mbili na nusu ya faida kwa ajili ya elimu ya wanachama.

Duka lile likawa mfano wa vyama vya ushirika duniani. Katika nchi yetu, KNCU ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro iliandikishwa mwaka 1933.

Watu wa Rochdale hawakuwa malaika, na wafanyabiashara waliowapunja hawakuwa mashetani. Tofauti ilikuwa mpango. Katika duka lao, muuzaji na mnunuzi walikutana tena kila siku. Muuzaji hakupata faida kwa kupunja uzito. Na kipimo kilikuwa wazi kwa wote. Yale maswali yetu matatu waliyajibu kwa matendo.

Lakini tahadhari. Chama cha ushirika nacho ni biashara, na ndani yake mna watu. AMCOS isiyosoma hesabu mbele ya wanachama inaweza kupunja kuliko mlanguzi. Mwanachama asiyehudhuria mkutano amempa mtu mwingine kalamu na kumwambia, "Andika upendavyo."

6. MSIMU WA PILI

Sasa turudi kwenye shamba letu la Malolo.

Msimu uliofuata hatukungoja mnunuzi aje. Kabla ya kung'oa vitunguu tulikwenda ng'ambo ya mfereji kwa majirani wale tuliowaogopa. Tulikuwa kaya kumi na nne. Tukawauliza kwa nini wanakubali lumbesa. Wakacheka. "Tunakubali kwa sababu ninyi mnakubali." Kumbe nao walikuwa wanatuogopa sisi! Miaka yote kila upande wa mfereji ulitumiwa kuutishia upande wa pili, wala hatukuwahi kuvuka maji kuulizana.

Tukakubaliana: gunia la kupimwa, mdomo uliofungwa, basi. Tukaazima mzani. Mwanakisomo mmoja akapewa daftari la kuandika kila gunia na uzito wake.

Kijana yule yule akaja. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akauona mzani. Akavuka mfereji. Akaukuta mzani ule ule unatajwa. Akaondoka. Siku mbili hatukumwona, na siku zile mbili zilikuwa ndefu. Watu hawakulala vizuri. Baba mmoja alitaka kuvunja maafikiano, na hatukuwa na nguvu ya kumlaumu, maana alikuwa na mgonjwa nyumbani.

Siku ya tatu kijana akarudi. Safari hii alisema jambo ambalo hatukulitegemea.

"Mama, na mimi niseme la kwangu. Ninyi wakulima mnaweka vidogo na vibovu katikati ya gunia, vizuri juu. Nikifika sokoni napata hasara. Kile kichwa ndicho kinachofidia."

Kimya kikaingia. Kwa sababu ilikuwa kweli. Siyo wote, lakini baadhi yetu tulikuwa tunafanya hivyo. Sisi tulimwogopa yeye, naye alituogopa sisi, na kila mmoja alikuwa anajilipa kwa siri kabla hajapunjwa.

Tukapatana. Yeye apime. Sisi tumwage vitunguu chini mbele yake, tuchague, ndipo tufunge. Akanunua kwa kilo. Jina lake na namba yake ya simu tukaziandika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Hatukushinda kabisa. Kaya mbili ziliuza lumbesa usiku, na yule baba mwenye mgonjwa alikuwa mmojawapo. Tulipanga kumtoza faini, kisha tukaona afadhali tuanzishe mfuko mdogo wa kusaidiana wakati wa shida, maana mtu mwenye haraka ya fedha hana nguvu ya kungoja siku tatu. Hilo nalo ni somo. Maafikiano ya biashara huvunjikia kwa mwenye shida kubwa kuliko wote. Ukitaka yadumu, anza na huyo.

Basi lile swali letu lilipata jibu. Kusoma tulijua, na sheria ilikuwepo. Kilichopungua ni kuvuka mfereji.

7. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

(a) Taja biashara moja unayoshughulika nayo kila msimu. Nani hupima? Nani huandika? Nani huona?

(b) Mnunuzi anayekuja kijijini kwenu analipwa kwa gunia au kwa kilo? Muulizeni. Jibu lake linawafundisha nini?

(c) Je, kuna jambo ambalo sisi wakulima tunawafanyia wanunuzi kwa siri? Tujibu kwa kweli, bila kutaja majina.

(d) Katika kikundi chenu, nani atashindwa kungoja siku tatu? Mnaweza kumsaidia namna gani kabla ya mavuno?

(e) Hesabu: Asha ana tani 25 za miwa. Sukrozi ni asilimia 9. Kila asilimia moja inalipwa Sh. 10,000/= kwa tani. Makato ya kukata, kupakia na kusafirisha ni Sh. 30,000/= kwa tani. Atapata shilingi ngapi mkononi? (Jibu: Sh. 1,500,000/=. Onyesheni njia.)

MANENO YA KUKUMBUKA

Lumbesa: gunia lililoongezwa juu ya mdomo wake.
Mali kauli: bidhaa zinazotolewa kwa ahadi ya mdomo, kulipwa baada ya kuuzwa.
Makato: fedha zinazoondolewa katika malipo kabla hujapokea.
Sukrozi: kiasi cha sukari kilichomo ndani ya muwa.

Ndugu wasomaji, katika somo lijalo tutajifunza kusoma karatasi ya malipo mstari kwa mstari. Kila mmoja aje na karatasi yake ya zamani, hata kama imekunjamana. Na mwenye jirani ng'ambo ya mfereji, aje naye.